Makosa ya Bwana Kangaja

Tabata, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Kwa Mjomba wangu, Mwalimu Abdulhalim,

Shikamoo Mjomba. Mimi huku mzima, ila joto tu, na hamu ya samaki wa kwenu, maana hawa wa huku wamelala kwenye barafu mpaka wamesahau walikotoka. Mama hajambo? Goti lake? Msomee salamu zangu zote, moja baada ya nyingine. Usiziruke. Nakujua wewe, ukiona salamu ndefu unazipitia juu juu kana kwamba unasahihisha insha za darasa la sita.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu ya Mrisho kwa sababu kila ninachosema kwenye simu ile kinafika gengeni kabla hakijamfikia Mama. Barua nitampa Shaabani, kondakta wa basi la Nyamisati. Na wewe ukijibu mpe yeye yeye, ni mtu mwaminifu.

Ile kazi nimeipata, Mjomba! Studio yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la rangi, tuko watu tisa, na tunatengeneza katuni ya vichekesho inayoitwa Kaya ya Bwana Kangaja. Mimi ni mtunza daftari. Kila kinachoonekana nakiandika: nani ana kovu mkono gani, mlango unafungukia wapi, mbuzi ana pembe au hana. Kipindi cha leo kisije kukikana cha jana. Watazamaji wakigundua kosa wanatucheka mtandaoni wiki nzima na bosi ananiita mimi.

Sasa hili umsomee Mama taratibu. Walipotafuta mtu wa kumchora Bwana Kangaja, nikawapa Baba. Nimewapa kikohozi chake cha mara mbili, mkono wake wa kiunoni, kofia ya nyuma nyuma, na ile "Haya, tuendelee" yake hata pasipokuwa na cha kuendelea nacho. Mjomba, mwezi wa saba inatimia miaka minne tangu aondoke. Ulituambia amekwenda Msumbiji. Basi na Msumbiji kuna simu na televisheni. Popote alipo, siku moja ataona mtu anakohoa kama yeye na atanitafuta. Mama anangoja, nami nangoja, na hii ndiyo njia pekee niliyopata.

Nimekuwekea vipindi sita kwenye flashi. Mpe Mrisho avionyeshe kibandani kwake.

Nakubusu mikono,
Sabra

*

Kitundu, kwa njia ya Nyamisati
25 Februari 2024

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Salamu zako nimezisoma zote, na mama yako akanitaka nizirudie, kwa hiyo adhabu yako imenipata mara mbili. Goti lake linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mimi mzima. Kaa wamepungua, mvua imezidi, na paka wa Mrisho amezaa ndani ya spika ya kibandani, ndiyo maana vipindi vyako tumevisikia kwa sauti ya upande mmoja.

Hongera kwa kazi. Ila mwanangu, kama wewe ndiye mtunza daftari, basi hilo daftari lina panya. Nilikaa na kalamu nyekundu kama zamani. Mama mkwe wa Bwana Kangaja amezikwa kipindi cha tatu, watu wamekula na ubwabwa wa msiba, halafu cha tano namwona amekaa jikoni anachambua mchele! Mbuzi ana pembe, mara hana, mara anazo tena na zimekua. Na kile kipindi cha kukumbuka ujana, Bwana anavuka pale Ndundu kwa pantoni huku ameshika simu ya kupangusa. Pantoni liliondoka daraja lilipofunguliwa, wewe ukiwa darasa la kwanza, na simu hizo hazijazaliwa. Halafu kwenye tukio moja tu maji yamejaa, Bwana anageuka kumwita mkewe, anapogeuka tena ni tope tupu. Maji hayafanyi hivyo. Yana saa zake, na kwa mtu wa huku hilo si jambo dogo.

Kuna mengine sikuyaelewa, nadhani ni mambo ya mjini. Kwa nini yule mbuzi akivaa miwani myeusi vijana wote wa kibandani wanapiga kelele? Na yule mzee anayekufa mara tatu kwa muziki wa Kihindi akifufuka kila mara, huyo ni nani?

Kuhusu baba yako, sikuandikii mengi. Ni mtu wa kwenda, alikuwa hivyo tangu tulipokuwa vijana. Mama yako amefurahi na amelia. Mimi ningekuwa wewe ningetafuta mtu mwingine wa kuchora.

Kalamu bado ina wino,
Mjomba wako

*

Tabata
14 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Leo ni funga ya tatu, na fundi rangi wa duka la chini anakaanga sambusa tangu saa tisa, Mungu amsamehe. Mwambie Mama nimepata kitambaa cha kufunikia futari yake, cha maua madogo kama alivyotaka, kitakuja na barua ijayo.

Barua yako nimeibandika ukutani studio. Bosi amecheka mpaka akakaa chini. Ile ya mama mkwe ilitutoroka sote tisa! Tumeamua kuitumia, kipindi kijacho Bwana atamuuliza mwenyewe, "Mama, wewe si tulikuzika?" naye ajibu, "Niliona pilau halitoshi, nikarudi." Miwani ya mbuzi ni ya wale vijana wa singeli, kila mwimbaji anayo moja. Na mzee anayekufa mara tatu ni filamu za Kihindi zile zinazotafsiriwa na mtu mmoja anayetoa sauti ya baba, ya mama na ya mtoto. Baba alizipenda. Alikuwa akimgombeza mtafsiri ndani ya televisheni, "Hapo sivyo alivyosema!" wakati Kihindi chenyewe hajui.

Watu sasa wanatuandikia kila siku kuhusu makosa, imekuwa mchezo. Nazisoma jumbe zote mimi mwenyewe kabla ya kunywa chochote, au sasa kabla ya kuanza kazi.

Mjomba, naomba jambo moja. Hujawahi kunihadithia siku ile Baba aliyoondoka. Nilikuwa chuo, nikaambiwa tu kwa simu. Wewe ulikuwa wapi? Nani alimwona akiondoka? Aliaga? Niandikie hata kurasa mbili.

Mwanao,
Sabra

*

Kitundu
2 Mei 2024

Mwanangu Sabra,

Marahaba, na Idi iliyopita. Barua yako ilikaa Kibiti siku nyingi, barabara zilikuwa zimemezwa. Mafuriko ya mwaka huu umeyasikia huko. Huku yamechukua mpunga wa watu wengi, nasi tumepoteza mpunga wetu wote na jogoo wawili. Nyumba imesimama. Mama yako mzima, ila hali chakula vizuri.

Uliuliza siku ile. Nilikwishasema wakati ule, nasema tena. Nilikuwa Kibiti siku mbili kwa mambo ya pensheni. Niliporudi nikaambiwa Seleman ameonekana alfajiri na begi na ile kanzu yake ya rangi ya maziwa, anaelekea kusini. Baadaye mtu akaleta habari za Msumbiji, na mke. Sina kurasa mbili.

Lakini kuna jambo lazima ulijue. Siku ya Idi Mrisho alitoa televisheni nje, na watu wengi walikuwa wamekimbilia kwetu kwa sababu ya mafuriko. Akaweka Kangaja. Mwanzoni walicheka, hasa pale mama mkwe aliporudia pilau. Kisha Bwana akakohoa mara mbili, akaweka mkono kiunoni. Kicheko kikakatika. Watu walikuwa wanamwona Seleman.

Bi Zamda alikuwepo. Unamkumbuka mtani wetu huyo, siku ya matanga ya babu yako alivyovaa kanzu ya marehemu akatembea na fimbo yake mpaka waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Basi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu mtoto katuvamia kazi yetu. Sisi watani twamwiga mtu akishazikwa. Seleman kaigwa leo hadharani. Haya, kaburi li wapi?"

Mama yako alikuwa amekaa mbele. Aliinuka, akaukunja mkeka, akaondoka nao, na haukuwa mkeka wake.

Tangu siku hiyo watu wananiuliza. Wananiuliza njiani, msikitini, wakija kuazima jembe wananiuliza. Bi Zamda kila akinikuta ananyoosha mkono kama anayedai ubani. Mwanangu, mwondoe mtu huyo kwenye katuni yenu. Mbadilishieni kikohozi, mpeni ndevu, mfanyeni Mchagga, mtajua wenyewe. Mtu hafanyiwi matanga akiwa hai, na ninakuomba kama aliyekulipia ada.

Mjomba wako

*

Tabata
20 Mei 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Poleni sana na shamba. Nimemtumia Mama dawa ya goti na kile kitambaa, vyote viko kwenye mfuko mweusi kwa Shaabani.

Habari za Idi zimenikosesha raha. Mwambie Mama anisamehe, sikujua itamfikisha huko mbele za watu.

Lakini kumwondoa siwezi, na nikiweza sitaki. Usinikasirikie. Ada ulilipa, nami sijasahau hata shilingi. Ila Bi Zamda ameuliza kitu ambacho hata mimi nimejiuliza nikiwa peke yangu, nami nataka Baba amjibu mwenyewe kwa kutokea.

Flashi hii ina kipindi cha kumi na mbili. Kitazame kwa makini, Mjomba, na kalamu yako.

Mwanao,
Sabra

*

Kitundu
18 Juni 2024

Mwanangu Sabra,

Marahaba. Idi ya Kuchinja imepita kimya. Hatukuchinja, tulipata nyama kwa majirani. Dawa imefika na goti limepata nafuu. Mimi usingizi umenipotea kidogo, ni uzee.

Umekaidi, haya. Ulimi wako ni wa baba yako. Nimekitazama kipindi chako peke yangu, nilimwomba Mrisho afunge mlango. Makosa haya hapa. Bwana anatoka nyumbani na ndala, anafika posoni na viatu. Kuku wa zawadi ni mweupe akiwa mkononi, kahawia akiwa chini ya kiti. Lile shati jipya la kitenge mmeuweka mfuko kushoto, ulikuwa kulia. Saa ya ukutani inasema saa nne na watu wanaswali alasiri. Na yule mshenga anayejipiga picha kila dakika, hilo sijui kama ni kosa au ndiyo vijana wa siku hizi.

Sasa nisikilize. Mambo mengine hayafai barua. Njoo nyumbani. Panda basi mpaka Nyamisati, nitakuja kukuchukua mwenyewe kwa mtumbwi, na tutapita njia ya ndani ya mikoko, ni fupi. Njoo peke yako, usimweleze mtu siku utakayokuja, hata Shaabani. Tutakaa tuzungumze kama mtu na mjomba wake.

Nakungoja,
Abdulhalim

*

Tabata
3 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii usimsomee Mama.

Nimekaa na barua yako siku nane kabla ya kushika kalamu. Kosa lazima liwe kosa dhidi ya kitu, hiyo ndiyo kazi yangu. Pembe za mbuzi ni kosa kwa sababu kipindi cha kwanza zilikuwepo. Pantoni ni kosa kwa sababu daraja lipo. Nimelifungua daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Lile shati la kitenge halijawahi kuonekana kwenye kipindi chochote isipokuwa hicho cha kumi na mbili. Hakuna mfuko wa kulia popote. Wewe umelinganisha na nini?

Sasa nikwambie nisichomwambia mtu, hata Mama. Shati hilo nililishonesha mimi Kariakoo, kwa fedha yangu ya kwanza ya kibarua. Fundi alikosea akaweka mfuko kulia, na sikuwa na muda wa kulirudisha. Nikalitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi, nikampa Shaabani. Baba aliipokea Nyamisati tarehe 14 Julai 2020, siku ile ile aliyoondoka. Nimemuuliza Shaabani juzi. Alikabidhi bahasha imefungwa na basi likageuza. Baada ya hapo Baba alinipigia akiwa ndani ya mtumbwi. Alikuwa anacheka. Alisema, "Nimelivaa hapa hapa, na mfuko wako wa mashoto nimeuona." Nikamuuliza anakwenda wapi, mtandao ukakatika. Kesho yake ndipo nikaambiwa ameondoka.

Mjomba, miaka minne nimeamini Baba alivaa shati langu akaenda nalo kwa mwanamke mwingine. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia na kumngoja kwa pamoja, na sijui kama unajua inavyochosha.

Mfuko ule niliuweka kushoto kwa makusudi. Yapo makosa mengi niliyoyaweka kwa makusudi, pengo la jino, redio upande wa pili wa kitanda. Baba hakuwahi kuliona kosa akanyamaza. Nilijua akiwa hai ataandika kusahihisha, na la mfuko lilikuwa letu wawili tu duniani. Kila asubuhi nilifungua zile jumbe nikitafuta mtu wa kuniandikia kuwa mfuko uko kulia.

Umeniandikia wewe.

Hukuwa Kibiti siku hiyo. Na yeye hakuwa na kanzu. Sitakuja Nyamisati, wala kwenye njia ya ndani ya mikoko. Mpandishe Mama kwenye basi la Shaabani, useme namwita kwa ajili ya goti, hospitali. Sitakuuliza lolote mpaka awe amefika mikononi mwangu.

Sabra

*

Tabata
11 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Siku thelathini na tisa sijapata jibu. Shaabani anasema hujaonekana gatini tangu barua ile uipokee. Nimempigia Mrisho, akaniambia umehamia shambani ng'ambo pamoja na Mama, kusikokuwa na mtandao, na kwamba hakuna aliyemwona Mama tangu wiki ya pili ya Julai.

Kuna nini shambani mwezi wa nane? Mpunga ulikwenda na maji, uliniandikia mwenyewe.

Nimewaeleza watu wawili hapa studio kila kitu na nimewapa nakala za barua zako. Nakwambia ujue tu. Mama ni dada yako, tumbo moja. Naogopa, Mjomba, na aibu kubwa ni kwamba ninayemwogopa ni wewe uliyenifundisha kusoma.

Mlete Mama.

Sabra

*

Kitundu
29 Septemba 2024

Mwanangu Sabra, kama bado unaniruhusu neno hilo,

Barua hii anakuletea mama yako mwenyewe. Nitamfungia kwenye pindo la kanga yake na kumwambia ina salamu. Nitampandisha basi kwa mkono wangu, na mkate wa safari nitampa. Ni mzima. Shambani nilimpeleka kwa sababu watu walikuwa wanakuja nyumbani kumuuliza, na kila akiulizwa ananitazama mimi. Sikuwa na ubaya juu yake. Juu yako nilikuwa nao, siku moja mbili, nilipokuita kwa njia ya mikoko. Sijui ningefanya nini. Namshukuru Mungu hukuja.

Katika maisha yangu sijaona kosa nikaliacha lipite. Mkono ulisahihisha ule mfuko kabla akili haijauuliza.

Ulitaka kurasa mbili. Wakati ule nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kulinda mikoko, unajua, na nyumba ilikuwa inataka kuezekwa, na ada yako ilikuwa inadaiwa, na nilikuwa nimekata boriti bila kibali na kuzipanga kwenye kijito ambako mtu hafiki. Nilimwomba Seleman anisaidie kuzitoa. Hakupenda. Alikuja kwa sababu ni shemeji yangu. Nilimchukua Nyamisati na lile shati akalivaa ndani ya mtumbwi, akanionyesha mfuko, akacheka sana. Tulipofika alilivua akalitundika kwenye tawi lisiingie rangi ya magome.

Maji yalikuwa yamekupwa. Tulitoa boriti za juu, zile za chini zikateleza. Zilimwangukia miguu yote miwili na tope likamshika mpaka mapajani. Nilivuta. Nilivuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Peke yangu sikuweza, na maji yalikuwa yanaanza kurudi. Nikamwambia nakwenda kuita watu. Akasema, "Haya, nenda, ila usikawie."

Kwenye mdomo wa kijito nilikutana na boti ya doria. Wakanisimamisha. Wakauliza, uko na nani? Nikasema niko peke yangu. Nilitaka wapite tu, wapite upesi, ili niende. Hawakupita. Wakazima mashine wakaanza kupekua mtumbwi, na mashine ilipozima akasikika anaita. Mmoja wao akainua kichwa, akauliza, nani huyo? Nikamwambia wavua kaa, wanaitana.

Sabra, walikuwa wanaume watano wenye nguvu. Wangemwinua kwa dakika moja.

Waliniweka pale mpaka alasiri, kwa maneno na karatasi. Wakati huo hakuna aliyekuwa anaita tena. Kesho yake maji yalipokupwa nilirudi. Nilimtoa, nikamwosha kwa maji ya kisima niliyokwenda nayo, nikamsitiri, nikamswalia safu ya mtu mmoja. Amelala kwenye kipande cha ardhi ya juu kisichofikiwa na maji, hata mafuriko ya mwaka huu hayakumfikia. Nilikwenda kuangalia. Ya Msumbiji nimeyatunga mimi, na mwanamke nimemtunga mimi, kwa sababu mtu aliyekimbia hatafutiwi maiti.

Kipindi chenu cha mwisho nimekiona, Bwana anarudi nyumbani na watoto wanamrukia. Sikusahihisha kitu.

Niko hapa. Sijakimbia na sitakimbia. Mpelekee barua hii yeyote unayetaka.

Abdulhalim

*

Tabata
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Mama amefika salama. Alishuka na mkate wako hajaumega, na akafungua pindo la kanga kabla hata hajakaa. "Mwalimu katuma salamu nyingi," akaniambia, "nisomee." Nikamwambia kwanza aoge, ale. Alikula. Kisha nikamsomea yote, neno kwa neno, sikuruka hata moja.

Alinitaka nirudie mahali pamoja tu, pale kwenye boti.

Shehe wa msikiti wetu amekuja. Amesema kwa sheria eda ya Mama ilikwisha zamani, ilipita huko nyuma yeye akiwa anapika na kulima na kumngoja mumewe, bila kujua kuwa ni mjane. Hana deni la kukaa. Mama akamsikiliza, akamshukuru, akaniomba nguo nyeupe. Amesema atakaa miezi minne na siku kumi zote, ameanza tangu juzi, chumbani kwangu, na haongei isipokuwa kwa haja.

Barua yako ninayo. Najua inakotakiwa kupelekwa, na nitaipeleka, na utatuonyesha ile ardhi ya juu tukiwa na watu. Sijaipeleka bado kwa sababu Mama ameniomba nikuulize jambo kwanza, kabla hujawa mikononi mwa watu wengine ukaanza kujibu maswali yao. Ameniambia niandike kama alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Shaabani atakukabidhi hii na atakaa hapo gatini mpaka umpe jibu. Mama anauliza hivi: "Mume wangu alipokuwa anaita pale, alikuwa anaita jina la nani?"

Sabra binti Seleman